Bendera ya Suruali ya Babu

Sogea karibu. Sogea tena kidogo. Hadithi hii ina baridi.

Palikuwa na msichana aitwaye Daryna. Alikuwa na miaka sita, na pengo kubwa mbele ya mdomo.

Daryna aliishi Bilopole. Bilopole ulikuwa mji mdogo nchini Kanada, wenye shule moja, duka moja, na kuku wengi kuliko watu.

Aliishi na Mama, Babu na Bibi. Baba yake alikuwa mbali, akikata miti msituni.

Babu na Bibi walizaliwa nchi ya Ukraina. Kila mmoja alivuka bahari akiwa kijana, wakakutana hukohuko Kanada.

Sasa sikia kichekesho. Kwa lugha yao, bibi huitwa "baba". Ndiyo, baba! Lakini sisi tutamwita Bibi tu, tusije tukachanganyikiwa.

Ulikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na tano. Hiyo ni zamani. Labda hata mwalimu wako hakuwa amezaliwa. Muulize, lakini muulize polepole.

Yalikuwa majira ya theluji. Theluji juu ya paa. Theluji juu ya uzio. Theluji ndani ya kiatu cha Daryna.

Na upepo je? Vuuu! Vuuu!

Baridi, baridi, baridi ya kung'ata pua!

Lakini Daryna hakujali. Alikuwa na furaha tele, kwa sababu nchi yake ilikuwa inapata bendera mpya.

Bendera ya zamani ilikuwa na michoro mingi mno. Daryna alijaribu kuichora. Kila mara karatasi iliisha kabla ya michoro.

Bendera mpya ilikuwa rahisi. Nyekundu huku, nyekundu kule, nyeupe katikati. Na juu ya ile nyeupe, jani moja jekundu la mepo.

Mepo ni mti mkubwa wa Kanada. Kabla ya baridi kufika, majani yake huwa mekundu kama moto. Utomvu wake ni mtamu, na watu huupika mpaka uwe mzito kama asali.

Jumatatu, saa sita mchana, bendera mpya ingepandishwa nchi nzima. Kwenye miji mikubwa. Kwenye miji midogo. Hata Bilopole, kwenye kuku wengi.

Na Bilopole, nani angevuta kamba? Daryna!

Mwalimu wake alimchagua, naye Daryna akafanya mazoezi nyumbani. Alifunga soksi kwenye uzi. Akaipandisha soksi. Akaishusha soksi.

Kila mtu alicheka. Paka tu ndiye aliyesimama wima kwa heshima.

Basi ikafika Jumapili, siku moja kabla. Mlango ukagongwa. Ko, ko, ko!

Alikuwa Mwalimu Hilda, mwalimu wa Daryna. Kope zake zilikuwa na barafu, na pua yake ilikuwa nyekundu kama nyanya.

"Karibu ndani, Mwalimu!" alisema Bibi. "Karibu kabla pua haijadondoka."

"Nimeleta habari mbaya," alisema Mwalimu Hilda. "Treni imekwama kwenye theluji. Na bendera yetu imo ndani ya treni."

Daryna akaacha kutafuna mkate. "Itafika kesho saa sita?"

"Sidhani, mwanangu."

Daryna alifikiria mlingoti wa shule. Nchi nzima itakuwa na bendera mpya. Bilopole itakuwa na mlingoti na kamba.

Machozi yakaanza kumlengalenga.

"Vizuri," ilisema sauti kwenye kona. "Vizuri sana. Bendera tunayo. Ile ya zamani ina ubaya gani?"

Huyo alikuwa Babu. Alikuwa ameketi nyuma ya kikombe chake cha chai. Sruuup! Akanywa chai kwa hasira.

Bibi alitazama cherehani yake, akakunja mikono ya gauni.

"Tutashona," alisema Bibi. "Cherehani ipo. Uzi upo. Kitambaa cheupe kipo, kwenye kitanda changu. Tunataka chekundu tu."

"Nitakitafuta mimi!" alisema Daryna. Akafuta machozi kwa mkate, kisha akaula mkate.

Akaanza kutafuta.

Nyekundu, nyekundu, uko wapi wewe?

Alifungua sanduku la Bibi. Akaona kilemba chekundu! Lakini kilikuwa na maua mengi ya njano.

"Bendera hiyo itatuletea nyuki," alisema Bibi.

Nyekundu, nyekundu, uko wapi wewe?

Alikimbia kwenye banda la kuku. Kwach, kwach, kwach, theluji ikalia chini ya viatu vyake.

Jogoo alikuwa na upanga mwekundu kichwani. Mwekundu kabisa! Lakini jogoo alimtazama Daryna, na Daryna akamtazama jogoo.

"Kokoriko!" alisema jogoo. Maana yake, hapana.

Nyekundu, nyekundu, uko wapi wewe?

Alirudi ndani. Akaitazama pua ya Mwalimu Hilda. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Daryna," alisema Mama, "pua ya mwalimu haishonwi."

Kwenye jiko palikuwa na sufuria ya supu ya bitiruti. Unazijua bitiruti? Ukizishika, mikono inakuwa myekundu hadi kesho.

Daryna akapata wazo. Akachukua kipande cha shuka. Chubwi! Akakitumbukiza kwenye supu.

Akakitoa. Hakikuwa chekundu. Kilikuwa cha waridi, kama masikio ya nguruwe. Na kilinuka kitunguu.

"Bendera ya nguruwe," alisema Babu kutoka kwenye kona. Sruuup!

Daryna akaenda dirishani asionekane akilia. Akapangusa ukungu kwenye kioo. Akatazama nje.

Na pale nje, kwenye kamba ya nguo, akaona kitu.

Kitu kirefu. Kitu kizito. Kitu chekundu, chekundu, chekundu!

Mama alikuwa amefua asubuhi, na nguo zote zilikuwa zimeganda. Kitu kile kilikuwa kigumu kama ubao. Upepo ulikisukuma kikapiga nguzo. Ngo! Ngo! Ngo!

"Nyekundu!" alipiga kelele Daryna. "Nimeiona! Ni suruali ya ndani ya Babu!"

Kila mtu akanyamaza. Hata supu ilinyamaza.

Babu akaweka kikombe chini.

"Hapana," alisema Babu. "Hapana. Na tena hapana."

"Lakini Babu..."

"Ni suruali yangu ya baridi. Inafika hadi kwenye vifundo vya miguu. Haina mwenzake Kanada nzima."

"Ina kiraka kwenye goti," alisema Bibi.

"Hapana. Hapana. Na tena hapana."

Babu akageuza kiti chake. Sasa wote waliona mgongo wake tu.

Mama akashika kichwa. Mwalimu Hilda akaanza kutafuta skafu yake, aende zake.

Daryna hakupiga kelele. Aliburuta kigoda chake, kri, kri, kri, hadi kwenye kona. Akaketi mbele ya Babu.

"Babu, ni suruali tu unayoipenda? Au umekasirikia bendera?"

Babu alitazama viganja vyake. Vilikuwa viganja vikubwa, vyenye mistari mingi.

"Nilikuwa na mdogo wangu," alisema mwishowe. "Alikwenda vitani na ile bendera ya zamani. Hakurudi."

Daryna akashika kidole kimoja cha Babu.

"Sasa kesho wataishusha," alisema Babu. "Watu watapiga makofi. Na ile ya zamani? Itaanguka kwenye theluji, kama kitambaa cha vyombo."

Daryna akafikiri. Alifikiri sana, mpaka ulimi ukatokeza kwenye pengo.

"Isianguke," alisema. "Wewe simama chini ya mlingoti, Babu. Uipokee wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Mwalimu, si anaweza?"

"Unaweza kabisa, Mzee Yurko," alisema Mwalimu Hilda. "Ningefurahi mno."

Upepo ukapita nje. Vuuu! Vuuu!

Kisha Babu akasimama. Akavaa koti. Akavaa kofia. Akatoka nje bila kusema neno.

Kwach, kwach, kwach. Akaenda.

Kwach, kwach, kwach. Akarudi.

Mkononi alikuwa na suruali yake, imekakamaa kama ubao. Akaisimamisha karibu na jiko. Ikasimama yenyewe, wima, kama mgeni anayesubiri chai.

"Karibu, ndugu suruali," alisema Bibi.

Joto la jiko likaipata. To, to, to, maji yakadondoka.

Kwanza suruali ikakunja magoti. Kisha ikaketi. Kisha ikalala chali sakafuni, fwaa!

Daryna akacheka hadi akashika tumbo. Mama akacheka. Mwalimu Hilda akacheka. Babu alikohoa, lakini kilikuwa kicheko kilichojificha.

Bibi akachukua mkasi. Kacha, kacha, kacha!

Mguu wa kulia ukawa upande mmoja wa bendera. Mguu wa kushoto ukawa upande wa pili. Shuka likakaa katikati.

Cherehani ikaimba. Tiki-tiki-tiki-tiki!

"Sasa jani," alisema Bibi. "Nani anajua jani la mepo?"

"Nilikuwa na picha yake gazetini," alisema Mwalimu Hilda. "Lakini mume wangu aliwashia moto."

"Mimi nitalichora!" alisema Daryna.

Akachukua kaa la jiko. Akachora kwenye karatasi. Chora, chora, chora.

"Tayari! Hili ni jani!"

Bibi akainamisha kichwa. "Hilo si jani, kipenzi. Huo ni mguu wa kuku."

Daryna akachora tena. Chora, chora, chora.

"Tayari! Hili ni jani!"

Mama akainamisha kichwa. "Hilo si jani, mwanangu. Huyo ni chura."

"Ni chura mzuri sana," alisema Mwalimu Hilda upesi. Walimu ndivyo walivyo.

Daryna akachora tena. Chora, chora, chora. Safari hii hata yeye mwenyewe akainamisha kichwa.

"Hili ni nini?" aliuliza.

"Nadhani ni mimi, nikiamka," alisema Bibi.

Daryna akaweka kaa chini. Vidole vyake vilikuwa vyeusi, na uso pia.

"Sijawahi kuliona jani lenyewe," alisema kwa sauti ndogo. "Bilopole hakuna mepo."

Ni kweli. Bilopole kulikuwa na ngano, na upepo, na wale kuku. Mepo haukuwepo hata mmoja.

"Lete hilo kaa," alisema Babu.

Wote wakageuka.

"Zamani, mimi na mdogo wangu tulifanya kazi mashariki," alisema Babu. "Tulikata miti. Misonobari, na mepo. Tulilala juu ya majani yake. Tuliamka yamejaa kwenye nywele."

Akashika karatasi. Mkono wake mkubwa ukatembea taratibu.

"Ncha moja kubwa juu, hivi. Nyingine huku. Nyingine kule. Kila moja ina meno, lakini meno machache. Yanazidi ya Daryna kidogo tu."

"Babu!" alisema Daryna. Lakini alitabasamu, na pengo likaonekana lote.

"Na hapa chini, kikonyo. Bila kikonyo, jani litashikwa wapi?"

Babu akainua karatasi.

Halikuwa mguu wa kuku. Halikuwa chura. Halikuwa Bibi akiamka.

Lilikuwa jani.

"Aaah!" walisema wote.

"Sasa tulikate," alisema Bibi. Akageuza kitambaa kilichobaki. Akakigeuza tena. Kisha akaanza kucheka.

"Nini?" aliuliza Mama.

"Miguu yote tumeitumia," alisema Bibi. "Kimebaki kile cha nyuma tu. Pale Babu anapokalia!"

Bibi akacheka mpaka akaweka mkasi chini. Mwalimu Hilda akafunika uso kwa skafu.

Babu alinyoosha mgongo. "Pale ndipo kitambaa kilipo imara," alisema. "Kateni."

Kacha, kacha, kacha! Tiki-tiki-tiki-tiki!

Kabla ya chakula cha jioni, bendera ilikuwa tayari. Ilikuwa imepinda upande kidogo. Na pembeni kulikuwa na kifungo kimoja, kwa sababu Bibi alisahau kukitoa.

Jumatatu ikafika. Baridi, baridi, baridi ya kung'ata pua!

Saa sita kasoro kidogo, watu wote wa Bilopole walisimama mbele ya shule. Walikanyaga chini ili miguu isigande. Kwach, kwach, kwach!

Babu alisimama karibu na mlingoti. Hakutetemeka. Unajua kwa nini?

Bibi alimvalisha soksi zake ndefu za sufu, zile zenye maua. Usimwambie mtu.

Mwalimu Hilda akafungua kamba. Bendera ya zamani ikaanza kushuka. Ikashuka polepole, polepole, polepole.

Babu akavua glavu. Baridi ilikuwa kali, lakini akavua.

Bendera ikamfikia. Akaipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Haikugusa theluji hata kidogo.

Hakuna aliyepiga makofi. Wanaume wakavua kofia. Wanawake wakainamisha vichwa. Babu akaikunja bendera, akaiweka ndani ya koti lake.

Kisha akamtazama Daryna. "Haya, mjukuu wangu. Vuta."

Daryna akashika kamba. Akavuta. Bendera mpya ikapanda. Vuta! Ikapanda. Vuta! Ikapanda.

Halafu ikakwama.

Ilikuwa katikati ya mlingoti, imejikunja kama mkate. Kile kifungo! Kilikuwa kimenasa kwenye kamba.

Daryna akahisi moyo wake ukipiga. Du, du, du.

Akavuta kwa nguvu. Haikwenda. Akavuta tena. Haikwenda.

"Huko juu kuna nini?" aliuliza mtu mmoja nyuma. "Mbona bendera ina kifungo?"

"Ni ya kisasa," alisema Babu, bila kugeuka.

Watu wakacheka, na Daryna pia akacheka. Akicheka, mikono yake ikalegea. Kamba ikashuka kidogo. Kifungo kikachomoka, tik!

Akavuta tena. Bendera ikapanda, ikapanda, ikapanda hadi juu kabisa.

Upepo ukaja. Vuuu! Bendera ikafunguka, pwa!

Nyekundu huku. Nyekundu kule. Nyeupe katikati. Na jani kubwa jekundu, limeinama upande kama linasalimia.

Sasa watu walipiga makofi. Walipiga makofi wakiwa na glavu, kwa hiyo yalisikika pofu, pofu, pofu.

Mama alifuta macho. Alisema ni upepo.

Alasiri ile, mbali kwenye ngano iliyolala chini ya theluji, sauti ilisikika. Puuuuu! Treni!

Sanduku likafunguliwa. Ndani mlikuwa na bendera mpya ya dukani. Ilikuwa imenyooka. Jani halikuinama. Haikuwa na kifungo.

"Tuibadilishe?" aliuliza mwenye duka.

Mwalimu Hilda alitazama juu. Akatazama kwa muda.

"Kesho," alisema. "Leo acheni yetu ipate hewa."

"Imezoea kukaliwa," alisema Bibi. "Inahitaji hewa."

Jioni, Daryna alilala kitandani chini ya mablanketi mengi. Pua yake tu ndiyo iliyoonekana.

Babu akaja. Akaketi ukingoni mwa kitanda, na kitanda kikasema nyii.

"Babu," alisema Daryna, "mdogo wako aliitwa nani?"

Babu alikuwa hajalitamka jina lile kwa miaka mingi.

"Ostap," alisema. "Aliitwa Ostap."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Ah! Alikuwa mtundu. Alikuwa mtundu kukushinda wewe."

"Haiwezekani," alisema Daryna.

"Siku moja alipanda juu ya mti kuiba asali. Nyuki wakamwona. Akaruka chini, akaangukia ndani ya sufuria ya uji wa mpishi wetu."

Daryna akacheka chini ya blanketi. "Uji ulikuwa wa moto?"

"Ulikuwa vuguvugu. Lakini mpishi ndiye aliyekuwa wa moto. Akamkimbiza Ostap msitu mzima, na Ostap alikuwa na uji hadi masikioni..."

Macho ya Daryna yakawa mazito. Akapiga mwayo mmoja. Akapiga mwingine.

"Halafu?" alinong'ona.

"Halafu Ostap akafika mtoni..." alisema Babu.

Daryna hakusikia habari za mto. Alikuwa amekwishalala, mdomo wazi, pengo lake likipitisha pumzi. Fyuu. Fyuu. Fyuu.

Babu alimwona amelala. Akamvutia blanketi.

Lakini hakunyamaza. Aliendelea kusimulia polepole, mpaka mwisho, kwa sababu na yeye alitaka kuisikia hadithi ile.